Nani Ashike Mizani ya Moshi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma hawakuwa na ugomvi na pamba yao. Ugomvi wao ulikuwa na mizani. Mkulima alitoka shambani na mzigo alioubeba mwenyewe, akiujua uzito wake kwa bega lake. Lakini akifika kwa mnunuzi mshale ulisimama pungufu, naye hakuwa na la kusema, kwani mizani ilikuwa ya mnunuzi, kalamu ilikuwa ya mnunuzi, na daftari lilikuwa la mnunuzi. Ndipo wakulima walipoanza kudai kwamba wapimaji wao wenyewe wasimame kando ya mizani na kuusoma mshale kwa macho yao. Katika madai hayo yakapatikana machimbuko ya ushirika wa pamba chini ya uongozi wa Paul Bomani, na kufikia mwaka 1955 vyama vya wakulima vilikwisha kuungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria.

Leo imeletwa mizani nyingine. Haipimi pamba wala kahawa. Inapima moshi, yaani hewa ya ukaa na ndugu zake zinazoitia dunia joto, na inapima ni kiasi gani cha hewa hizo kinatoka katika kiwanda, shamba, benki, hoteli au kampuni ya usafirishaji. Kipimo hicho huitwa nyayo za kaboni za kampuni. Taarifa za mwaka za makampuni makubwa sasa hujaa takwimu zake: kampuni hii imepunguza kwa asilimia kadhaa, ile itafika sifuri mwaka 2050, na nyingine imekwisha kuwa safi kabisa, ati haina hata chembe ya kujibu. Msomaji wa taarifa hizo hana budi kuuliza swali lile lile la Usukuma: mizani ni ya nani, na kalamu iko mkononi mwa nani?

Wako watakaosema kwamba jambo hili haliwahusu watu wa Afrika. Bara zima hutoa kama asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa itolewayo duniani kwa mwaka, na wenye viwanda vya zamani ndio walioijaza anga kwa karne mbili. Hoja hiyo ni ya kweli, na katika mikutano ya mataifa haipaswi kuachwa hata siku moja. Lakini haitoshi. Mizani imekwisha kuwekwa sokoni. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya uliwataka wanaoingiza saruji, chuma, aluminiamu, mbolea, haidrojeni na umeme watoe hesabu ya hewa iliyotoka wakati bidhaa hizo zikitengenezwa. Na tangu tarehe 1 Januari 2026 hesabu hiyo imegeuka kuwa fedha za kulipwa. Mwenye kiwanda asiyeweza kuonyesha hesabu yake mwenyewe, iliyokaguliwa, hupangiwa kiwango na Ulaya, na kiwango hicho huongezwa juu kidogo ili asipate faida kwa kukaa kimya. Kwa maneno mengine, asiye na mizani yake atapimiwa, na atakatwa.

Yafaa basi kwanza kueleza jinsi upimaji wenyewe unavyofanyika, maana wengi hudhani kwamba kuna chombo kinachowekwa juu ya bomba la moshi na kusoma tani. Vyombo vya namna hiyo vipo, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika mezani, kwa stakabadhi. Kampuni huhesabu lita za dizeli ilizonunua, uniti za umeme zilizomo katika ankara, tani za makaa, magunia ya mbolea, kilomita zilizosafiriwa na magari, kisha kila moja huzidishwa kwa namba iliyokwisha kuchunguzwa na wataalamu. Lita moja ya dizeli, kwa mfano, hutoa kama kilo 2.7 za hewa ya ukaa ikiungua.

Mwanafunzi mwenye akili atasimama hapo darasani aulize: lita moja ya dizeli haifiki hata kilo moja kwa uzito, sasa inawezekanaje itoe kilo mbili na ushei za moshi? Swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi, na mwalimu wa kemia anayo furaha ya kulijibu. Dizeli haina peke yake vitu vyote vinavyotoka. Ndani ya lita ile mna kama gramu 720 za kaboni. Kaboni hiyo ikiungua hushikana na oksijeni ya hewani, na kila gramu 12 za kaboni huchukua gramu 32 za oksijeni kufanya gramu 44 za hewa ya ukaa. Zidisha 720 kwa 44, gawanya kwa 12, na kilo 2.6 na kitu zitakuwa ubaoni mbele ya macho ya wote. Hakuna uchawi. Ni hesabu ya kidato, na yeyote aliyepita sekondari anaweza kuikagua.

Hewa nyingine nazo hugeuzwa kuwa kipimo kimoja, kama vile fedha za kigeni zigeuzwavyo kuwa shilingi. Tani moja ya methani, ile itokayo katika majalala, mabwawa ya uchafu na tumbo la ng'ombe, huhesabiwa kuwa sawa na tani 28 hivi za hewa ya ukaa endapo athari yake itatazamwa kwa miaka 100. Ikitazamwa kwa miaka 20 tu, hupita 80, kwa sababu methani ina nguvu nyingi lakini haikai sana angani. Mtu mwangalifu ataona mara moja kwamba hapa pana mlango wa kupitia: kampuni inayotoa methani nyingi itapenda miaka 100, nayo haitakuwa imesema uongo.

Basi tabu ya mizani hii haimo katika kuzidisha. Imo katika kuamua ni nini kiwekwe juu yake.

Kanuni zinazotumiwa na makampuni mengi duniani zilianza kutayarishwa mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Rasilimali za Dunia ya Marekani na baraza moja la makampuni makubwa. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 2001 na kikarekebishwa 2004. Kanuni hizo hugawa moshi wa kampuni katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni moshi unaotoka katika mali ya kampuni yenyewe, yaani tanuri zake, jenereta zake na magari yake. Fungu la pili ni moshi uliotoka mahali pengine ili kampuni ipate umeme inaoununua. Fungu la tatu ni yote yaliyosalia: malighafi zilizonunuliwa, malori ya watu wengine, safari za wafanyakazi, na zaidi ya yote, matumizi ya bidhaa baada ya kuuzwa.

Fungu hili la tatu ndilo kichaka cha kujifichia. Kampuni ya mafuta inaweza kuweka taa za jua katika ofisi zake zote, ikapanda maua mbele ya lango, ikatangaza kwamba moshi wake umepungua. Na katika fungu la kwanza na la pili maneno yake yakawa kweli tupu. Lakini mafuta huchimbwa ili yachomwe. Sehemu kubwa kabisa ya moshi wa biashara hiyo hutoka katika gari la mnunuzi, si katika ofisi ya muuzaji, na kwa muda mrefu fungu hilo lilikuwa la hiari katika hesabu.

Tena si kwa bahati kwamba neno lenyewe la nyayo lilienea jinsi lilivyoenea. Katika miaka ya 1990 William Rees wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, pamoja na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel, walilitumia kueleza ni ukubwa gani wa ardhi unaohitajika kulisha na kustawisha mji au taifa. Lilikuwa neno la kuwapima wakubwa. Ilipofika miaka ya kati ya 2000, kampuni ya mafuta ya BP ya Uingereza ilichukua nyayo za kaboni ikazifanya tangazo, ikamkaribisha kila mwananchi ahesabu nyayo zake mwenyewe: amepanda gari mara ngapi, amewasha taa ngapi. Muuzaji wa mafuta akamkabidhi mnunuzi mizani, akampa na kazi ya kuona haya. Ustadi wa namna hiyo unastahili kusomeshwa katika vyuo vya biashara.

Ni afadhali kuutazama mzigo wenyewe katika viwanda vinavyojulikana. Saruji ni mfano usio na mfano. Tangu kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza kazi mwaka 1966, saruji imejenga shule, zahanati, madaraja na nyumba za watumishi, wala hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka nchi irudi kwenye udongo na fito. Lakini saruji hufanywa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na jiwe la chokaa lina siri yake. Kilo 100 za chokaa safi ya jiwe zikichomwa hubaki kilo 56. Kilo 44 zilizopotea ni hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe tangu zama za kale. Ndiyo maana kila tani ya klinka, ambayo ndiyo roho ya saruji, hutoa zaidi ya nusu tani ya hewa hiyo kutoka katika mawe peke yake, kabla hayajahesabiwa makaa au gesi ya kuwashia moto. Duniani kote saruji hutoa kama asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa ya shughuli za binadamu.

Mwenye kujua hayo hawezi kudanganywa na picha ya paneli za jua juu ya paa la kiwanda cha saruji. Paneli ni jambo jema, lakini zinagusa umeme, na umeme si mahali penye jeraha. Atauliza maswali mawili tu. Kuna klinka kiasi gani ndani ya kila tani ya saruji? Na tanuri linachoma nini? Klinka huweza kupunguzwa kwa kuchanganya pozolana, yaani majivu na mawe ya volkano, na nchi yenye milima kama ile ya Mbeya na Arusha haikunyimwa majivu hayo.

Hapo hapo pana hila nyingine ambayo watumishi wa serikali wanaosoma taarifa za viwanda wangefaa kuikariri. Ichukuliwe kwamba kiwanda kilitoa tani 1,000,000 za saruji, kila tani ikitoa kilo 700 za hewa ya ukaa. Miaka mitano baadaye kinatoa tani 1,500,000, kila tani ikitoa kilo 630. Mkurugenzi atatangaza kwamba amepunguza kwa asilimia 10, na atapigiwa makofi. Lakini moshi uliopanda angani ulikuwa tani 700,000 na sasa ni tani 945,000. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya kwanza hueleza ufanisi wa fundi. Ya pili hueleza hali ya hewa ya dunia. Nchi inayojenga inayo haki ya kuridhika na ya kwanza kwa muda, maadamu haiiti ya kwanza kwa jina la ya pili.

Umeme nao una kizungumkuti chake. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024, na mitambo yake yote tisa ilikuwa imekamilika mwaka 2025. Maji yakichukua nafasi ya gesi katika gridi, kila uniti ya umeme hubeba moshi mdogo zaidi. Sasa kampuni yoyote iliyounganishwa na gridi, hata ile ambayo haikubadilisha hata taa moja, fungu lake la pili litapungua. Wengine bila shaka watalitangaza punguzo hilo kuwa matunda ya juhudi zao. Huo ni utajiri wa mto na jasho la walipa kodi. Kampuni imepita tu chini ya mwembe ukadondosha embe. Na ukija mwaka wa kiangazi, hesabu itapanda tena, kampuni hiyo hiyo italaumu mvua. Taarifa ya haki hutenganisha kile kilichofanywa na kampuni na kile kilichoifikia kwa njia ya waya.

Lakini isidhaniwe kwamba mizani hii ni fimbo ya kuwachapia wanyonge tu. Mwaka 2007 ulizuka nchini Uingereza mjadala mkali juu ya mboga na maua yanayosafirishwa kwa ndege kutoka Afrika. Maduka makubwa mawili yakabandika alama ya ndege juu ya bidhaa hizo, ili mnunuzi ajue kwamba anaponunua maharage mabichi ya Kenya anaitia dunia joto. Ilionekana kuwa jambo lisilohitaji hoja: ndege hutoa moshi, Nairobi ni mbali, Uholanzi ni karibu. Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield walipoweka maua yenyewe juu ya mizani. Mawaridi 12,000 ya Kenya, ndege ikiwa imehesabiwa, yalitoa kama kilo 6,000 za hewa ya ukaa. Mawaridi 12,000 ya Uholanzi yalitoa kama kilo 35,000. Waridi la Naivasha huota kwa jua la Mungu lisilotozwa ankara. La Uholanzi hukaa ndani ya nyumba ya kioo likipashwa moto na kumulikwa taa wakati wa baridi. Haki inataka isemwe pia kwamba utafiti huo uliagizwa na wafanyabiashara wa maua, ambao hawakuwa na sababu ya kuuchukia. Lakini hesabu yake iliwekwa wazi, na kuwekwa wazi ndiko kunakomwezesha adui kuikagua.

Mwaka huo huo wa 2007 duka la Tesco liliahidi kubandika kipimo cha kaboni juu ya bidhaa zake zote, zipatazo 70,000. Mwaka 2012 liliiacha kazi hiyo: ilikuwa ndefu mno na ghali mno.

Waridi hilo la Naivasha lina funzo jingine, tena kali. Kilo 6,000 zile hazisemi neno lolote juu ya maji. Mashamba ya maua hunywa katika ziwa ambalo wavuvi na wafugaji nao hunywa. Ukame wa 2009 uliposhusha kina cha ziwa, watu waliuona ukingo ukienda mbali na mitumbwi yao. Mbolea na dawa zinazotiririka kutoka mashambani hazimo katika kaboni. Afya ya mwanamke anayekata maua yaliyonyunyiziwa dawa haimo. Kampuni inaweza kuwa na nyayo nyepesi za kaboni huku imekanyaga kisima cha kijiji. Kwa sababu hiyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania haikuishia kwenye moshi. Inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi kuanza na ukaguzi baada ya kuanza. Anayetaka kulifanya suala zima la mazingira kuwa namba moja ya tani za kaboni anajipunguzia kazi, na mara nyingi anajipunguzia lawama.

Kuna na swali ambalo mizani hii hulikimbia: moshi wa waridi ni wa nani? Ni wa shamba lililolikuza, au wa sebule ya London lililomowekwa ndani ya chombo cha maua? Katika hesabu za mataifa, moshi huandikwa katika nchi ulikotokea. Nchi inayofunga viwanda vyake na kuagiza bidhaa kutoka ng'ambo huonekana imetakasika, ilhali imehamisha jiko lake kwa jirani. Na ile ndege yenyewe inayovuka mipaka usiku na shehena yake? Mafuta ya safari za kimataifa huandikwa pembeni, nje ya jumla ya taifa lolote. Ndege hiyo, kwa daftari, haina kwao.

Mkonge wa Tanga huonyesha upande wa heri wa jambo hili. Kwa miaka mingi viwanda vya mkonge vilichukua nyuzi, ambazo ni kama asilimia 4 tu ya jani, na kutupa yaliyobaki. Marundo yale yalioza, maji yake yakaingia mitoni, na methani ikapanda angani bila ya mtu kuandika hata mstari mmoja, kwani kisichopimwa hakina safu katika daftari. Katika miaka ya 2000 huko Hale ulijengwa mtambo wa kuozesha mabaki hayo ndani ya matangi yaliyofungwa ili methani itumike kuzalisha umeme. Takataka ile ile, methani ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii kuna mtu aliyekaa akauliza ni kiasi gani kinachopotea. Meneja ambaye hajali joto la dunia hata kidogo angeweza kuifikia njia hiyo hiyo kwa kujali tu mali yake inayomwagika, na hakuna ubaya.

Si hivyo kwa biashara ya kununua usafi. Kampuni yenye moshi mwingi hulipa mahali pengine ili miti isikatwe, kisha hujiondolea tani hizo katika hesabu yake. Miti ni kweli, na fedha ni kweli: vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vinavyohifadhi misitu yao ya Ntakata, vimepata mapato ya kaboni na kuyatumia kwa madarasa na huduma za afya, na asitokee mtu wa kuwabeza. Tanzania ilitunga kanuni za biashara hiyo mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Lakini tani ya msitu hupatikana kwa kukisia kile ambacho kingetokea kama mradi usingekuwapo, na kukisia kunavutia mikono mirefu. Mwezi Januari 2023 magazeti ya Uingereza na Ujerumani yalichapisha uchunguzi uliodai kwamba sehemu kubwa mno ya hati za misitu ya mvua zilizoidhinishwa na shirika la Verra hazikuwakilisha punguzo lolote la kweli. Verra lilipinga njia zilizotumika kufikia matokeo hayo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo kampuni ya South Pole ya Uswisi ilijiondoa katika mradi mkubwa wa misitu wa Kariba, Zimbabwe, baada ya hesabu zake kutiliwa shaka. Njia ya salama ni rahisi: moshi wa kampuni uandikwe safu yake, hati zilizonunuliwa ziandikwe safu yake, wala ya pili isitolewe katika ya kwanza. Anayelipia harusi ya jirani hajaoa.

Na kama kuna anayedhani kwamba makampuni yenye majina makubwa hayawezi kuichezea mizani, akumbuke Volkswagen. Magari yake ya dizeli yapatayo milioni 11 yaliwekewa programu iliyotambua kwamba gari limo katika chumba cha majaribio. Hapo lilipumua kwa adabu, na likirudi barabarani likatoa hewa chafu za naitrojeni mara nyingi zaidi ya kiwango. Haikuwa hewa ya ukaa, lakini somo ni lile lile. Waliogundua tofauti walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, ambao hawakutosheka na chumba cha majaribio; walifunga vyombo vyao nyuma ya gari wakaingia nalo njiani. Serikali ya Marekani ilitangaza udanganyifu huo mwezi Septemba 2015. Wale watafiti ndio waliosimama kando ya mizani.

Ofisa wa wilaya au wa wizara anayeletewa taarifa ya kijani yenye picha za miche hahitaji shahada ya sayansi ya anga ili aisome. Aulize mpaka wa hesabu uko wapi: ni mafungu mangapi yamehesabiwa na yapi yameachwa. Aulize mwaka wa kulinganishia ni upi, na kwa nini ulichaguliwa huo na si uliotangulia. Maana mwaka ambao kiwanda kilikuwa na jenereta mbovu usiku na mchana ni mwaka mzuri sana wa kuanzia mbio. Aulize jumla, si kwa kila tani peke yake. Aulize nani aliyekagua, na nani aliyemlipa mkaguzi. Kisha, hili ndilo linalosahauliwa, aombe stakabadhi. Lita za dizeli zilizoandikwa katika taarifa ya mazingira zilingane na lita zilizoandikwa katika hesabu za fedha, kwa kuwa kampuni ile ile iliyozipunguza hapa haikosi kuzijaza kule ili kodi ipungue.

Watumishi wa namna hiyo hawaagizwi kutoka nje. Shule nyingi za bweni zina jenereta, jiko la kuni na ankara ya umeme, na karatasi zake zimo katika kabati la mhasibu. Mwalimu akiziomba kwa muhula mmoja, akawagawia wanafunzi wa kidato cha tatu, kundi moja dizeli, jingine umeme, jingine kuni na gari la shule, watafika kwenye jumla kabla ya kengele ya mchana, na watagombana: je, kuni zihesabiwe kama miti imepandwa tena? Basi la wazazi siku ya kufunga shule ni la nani? Mwalimu asiwakatize.